Tuipe Reli Saa Zake

Mpenzi msikilizaji, jambo la leo linatuhusu sote, hata wale ambao hawajawahi kupanda treni. Tangu Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na baadaye mwaka huohuo hadi Dodoma, gumzo letu kuhusu reli limekuwa ni la treni: mwendo wake, viti vyake, nauli yake. Ni haki yetu kuifurahia. Lakini leo tuiache treni ipite, tuitazame njia inayoibeba. Hoja yangu ni moja, nami naitaja mapema ili twende nayo pamoja: reli huishi kwa saa inazotengewa za matengenezo. Naam, saa. Nazungumzia saa ambazo treni hazipiti, njia imefungwa rasmi, na mafundi wako kazini wakiwa na kila kifaa wanachokihitaji, mahali panapohitajika. Nchi inaweza kuwa na fedha, ikawa na chuma, ikawa na wahandisi hodari. Kama reli yake haina saa hizo, itachakaa huku wote tukiangalia.

Tuanze na swali jepesi. Njia ya reli ni nini hasa? Ukichungulia dirishani unaona vyuma viwili virefu. Chini yake yapo mataruma, ya mbao, ya chuma au ya zege, yanayovishika vyuma hivyo visiachane. Chini ya mataruma zipo kokoto, chini ya kokoto lipo tuta la udongo, na kulizunguka tuta ipo mitaro na makalavati ya kupitisha maji. Hizo kokoto wengi huzidharau, kumbe ndizo zinazosambaza uzito, ndizo zinazolishika taruma lisihame, na ndizo zinazopitisha maji ya mvua. Ndiyo maana huwa ni za mawe magumu yenye kona kali. Treni zikipita miaka na miaka, kona hizo husagika, vumbi hujaza nafasi, udongo hupanda kutoka chini, na maji hukosa pa kutokea. Hapo, msikilizaji, utaona taruma moja limezungukwa na tope la kijivu. Gurudumu likilifikia, taruma linazama kidogo. Gurudumu likipita, linainuka. Na kila linapozama linarusha maji na tope pembeni. Ni mwendo wa milimita chache tu, lakini hurudiwa kwa kila gurudumu la kila behewa. Taruma hilo likilegea, mzigo wake huwaangukia majirani zake, nao huanza kulegea. Kulirekebisha likiwa moja ni kazi ya genge dogo la wafanyakazi kwa asubuhi moja. Likishaambukiza mita 100, inahitajika treni nzima ya kokoto, mashine ya kushindilia, na njia kufungwa.

Jambo la pili la kuelewa ni jua. Chuma hutanuka kikipata joto, na kilomita moja ya reli, joto lake likipanda kwa nyuzi 30, hutaka kurefuka kwa karibu sentimita 35. Katika njia za zamani, vipande vya reli huachiwa nafasi kwenye maungio, na ule mlio tunaousikia magurudumu yakipita hutoka hapo. Katika njia za kisasa vipande huchomelewa vikawa chuma kimoja kirefu, na kule kutaka kurefuka hugeuka kuwa nguvu iliyobanwa ndani ya chuma, ikizuiwa na mataruma pamoja na kokoto. Sasa jiulize: itakuwaje fundi akizifukua kokoto hizo saa saba mchana, jua likiwa kali la Dodoma? Atakuwa ameondoa kizuizi wakati nguvu ni kubwa kuliko wakati wowote wa siku, na reli inaweza kuchomoka ubavuni ikapinda. Kwa hiyo kazi nyingi za njia zinataka usiku au alfajiri, wakati chuma kimepoa. Unaona basi kwamba saa ninazozidai haziwezi kuwa makombo yanayobaki baada ya treni zote kupangwa. Ni lazima zichaguliwe.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye kiini cha mambo, nacho ni upangaji wa kazi yenyewe. Reli ya kawaida ya kilo 40 kwa mita humaanisha tani 80 za chuma kwa kila kilomita moja ya njia. Ongeza mataruma yapatayo 1500 kwa kilomita hiyo, na klipu za kuyashika, na kokoto za zaidi ya mita 1000 za ujazo. Vitu hivyo vyote vitafikaje porini, mahali pasipo na barabara? Vitafika kwa njia ileile inayotengenezwa. Na kwenye reli behewa la nyuma haliwezi kulipita la mbele. Kama mataruma yanatakiwa kwanza na yamefungwa mkiani mwa treni, mafundi watayasubiri huku usiku ukikatika. Kwa hiyo mpangaji mzuri huanza na saa ya kufungua njia, akarudi nyuma: ukaguzi wa mwisho saa ngapi, kushindilia saa ngapi, kumwaga kokoto saa ngapi, kufungua klipu ya kwanza saa ngapi, kisha akapanga mabehewa uwanjani kwa mfuatano huo, siku moja au mbili kabla. Kosa la uwanjani, mbali na eneo la kazi, ndilo linaloharibu usiku mzima porini.

Hebu tufanye hesabu ndogo pamoja. Tuseme mafundi wamepewa saa nne, tangu saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri. Umeme wa juu ya njia lazima uzimwe na kuthibitishwa kwamba umezimwa. Treni ya kazi lazima isafiri kutoka stesheni hadi eneo lenyewe. Mwishoni lazima vifaa viondolewe na njia ikaguliwe kabla ya treni ya kwanza. Yote hayo yakila saa moja na nusu, kazi halisi imebaki na saa mbili na nusu. Sasa chukua saa nne zilezile, uzigawe vipande vinne vya saa mojamoja kati ya treni na treni. Kila kipande kinadaiwa ile saa moja na nusu ya maandalizi, na hakinayo. Kwenye karatasi mafundi wamepewa saa nne. Kwenye njia hawakupewa hata dakika moja. Nalirudia hili kwa sababu ndipo mashirika mengi ya reli yanapojidanganya: saa za matengenezo lazima ziwe ndefu na ziwe mfululizo.

Je, kuna ushahidi kwamba kukosa saa hizo kunaua? Upo, na tutautoa Uingereza, nchi iliyoanza kujenga reli kabla ya karibu nchi zote. Tarehe 17 Oktoba 2000, treni ya abiria kutoka London kwenda Leeds iliacha njia karibu na mji wa Hatfield. Watu wanne walifariki na zaidi ya 70 walijeruhiwa. Reli ilikuwa imejaa nyufa ndogo zilizosababishwa na uchovu wa chuma, na treni ilipopita ilivunjika vipande zaidi ya 300. Lakini sikiliza vizuri jambo hili: ubovu wa reli ile ulikuwa umeshajulikana. Uamuzi wa kuibadilisha ulikuwa umeshafanywa. Reli za kuibadilisha zilikuwa zimeshapatikana. Kilichokosekana ni kazi kufanyika kwa wakati. Chuma kilikuwepo na maarifa yalikuwepo, na saa ya kuviunganisha haikufika. Baada ya ajali, kampuni iliyomiliki njia, Railtrack, iliweka amri za dharura za kupunguza mwendo katika maeneo zaidi ya 1000 nchini kote, kwa kuwa haikuwa na hakika nyufa kama zile ziko wapi kwingine. Safari za nchi nzima zikavurugika kwa miezi, na mwaka uliofuata kampuni hiyo ikawekwa chini ya usimamizi maalumu wa kisheria. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa reli daftari ni pamoja na kujua kila kipande kiko katika hali gani leo.

Sasa tuutazame upande wa pili. Japani ilifungua reli yake ya mwendokasi kati ya Tokyo na Osaka tarehe 1 Oktoba 1964. Hadi leo hakuna abiria aliyefariki kwa treni ya mwendokasi huko kugongana au kuacha njia. Wana siri gani? Teknolojia wanayo, ndiyo. Lakini wana pia kanuni ambayo haigharimu teknolojia yoyote: tangu saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi hakuna treni ya abiria inayopita. Njia ile, ambayo mchana hupitisha treni kila baada ya dakika chache, usiku ni mali ya mafundi. Hushindilia, huchomelea, hubadilisha nyaya, na kabla ya treni ya kwanza ya asubuhi gari maalumu la ukaguzi hupita kuhakikisha hakuna kifaa kilichosahaulika. Zingatia kwamba Wajapani hawakusubiri njia ichakae ndipo watenge saa hizo. Waliziandika kwenye ratiba kwanza, treni zikafuata.

Tukirudi kwetu, tuna mafunzo ya kutosha. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa zaidi ya karne moja imekuwa uti wa mgongo wa biashara ya bara. Kati ya Kilosa na Gulwe inafuata bonde la Mto Mkondoa, na mto huo haujawahi kuwa jirani mpole. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalibomoa njia eneo hilo, na safari zikakatika kwa miezi kadhaa. Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 kwa mradi ambao sehemu yake kubwa ilikuwa kuikarabati njia hiyo kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970. Njia ya Tanga hadi Arusha ililala bila treni ya abiria kwa zaidi ya miaka 20, hadi abiria waliporejea Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020. Nchini Kenya, njia ya Nanyuki nayo ilifufuliwa mwaka 2020. Na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kusanifiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka, ilishuka hadi takriban tani 88,000 mwaka wa fedha 2014/15. Sababu za TAZARA zilikuwa nyingi: vichwa vya treni vilipungua, mtaji ulikauka, na njia yenyewe ikajaa maeneo ambayo treni hulazimika kwenda pole. Ninachotaka tukione katika mifano yote hii ni mtindo mmoja. Tunajenga, tunaiacha ichakae, tunakopa kuifufua. Kufufua si kutunza, na deni la kufufua ni zito kuliko gharama ya kutunza.

Wako watakaonipinga, na hoja zao nazichukulia kwa uzito. Wa kwanza atasema: kila saa unayofunga njia ni mapato yaliyopotea, na mashirika yetu hayana mapato ya kupoteza. Ni kweli kwamba kufunga njia kuna gharama. Lakini tulinganishe na gharama ya kutoifunga. Tuseme kuna kilomita 20 zilizochakaa. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, treni ingezimaliza kwa dakika 20. Ikiamriwa iende kilomita 20 kwa saa, itazimaliza kwa saa nzima. Kila treni imepoteza dakika 40. Zikipita treni 10 kwa siku, zimepotea zaidi ya saa sita, na kesho tena, na keshokutwa, mwaka mzima. Na kwa kuwa reli zetu nyingi ni za njia moja, treni inayotoka upande wa pili nayo inasubiri stesheni. Mwenye mzigo akichoka kusubiri anakwenda kutafuta lori. Kwa hiyo anayekataa kutoa saa nne za usiku hajaokoa kitu. Amezitoa saa sita za mchana, tena bila kupata matengenezo.

Wa pili atasema: reli yetu ya kisasa ni mpya, ina mataruma ya zege na chuma kizito, basi mambo ya matengenezo ni ya watoto wetu. Huyu namwomba afikirie mambo mawili. Kwanza, tuta jipya hutitia zaidi katika miaka yake ya mwanzo, na treni inayokwenda kilomita 160 kwa saa haivumilii kasoro ambayo treni ya kilomita 40 ingeipita bila abiria kuamka. Upya wake unadai uangalizi zaidi. Pili, vitu vilivyowekwa miaka ileile huchakaa miaka ileile. Kama mamia ya kilomita yaliwekwa ndani ya miaka michache, kisha hakuna kilichobadilishwa kwa zamu, itafika miaka michache ambayo kila kitu kitadai kubadilishwa kwa pamoja, na hakuna bajeti wala saa za njia zitakazotosha. Dawa ni kuanza mapema kubadilisha kidogokidogo, kipande baada ya kipande, ili mzigo usambae. Mpango huo unaandikwa reli ikiwa mpya.

Wa tatu atasema: tununue mashine, mambo yataisha. Mashine ya kushindilia kokoto ni chombo cha thamani sana, na kwa reli ya mwendo mkubwa haikwepeki. Lakini mashine isiyopewa njia hulala stesheni pembeni, na mashine isiyo na vipuri ghalani husimama porini. Tanzania ina changamoto yake ya ziada: tuna reli za vipimo vitatu. Reli ya Kati ni ya upana wa milimita 1000, TAZARA ni 1067, na reli ya kisasa ni 1435. Mashine ya njia moja haiwezi kuhamia nyingine hivihivi, taruma la huku halifai kule, na kwa hiyo kila njia inahitaji ghala lake, akiba yake na mafundi wake. Mpangaji asiyelijua hilo ataagiza kwa jumla na kukwama kwa rejareja. Na mashine haiwaondoi watu. Genge linalokitembea kipande chake cha njia kila siku, na mkaguzi anayepita na kiberenge akisimama kugusa klipu iliyolegea, huyaona yale ambayo ripoti ya mwezi itachelewa kuyasema. Mashine hutengeneza, jicho la mtu anayeijua njia yake ndilo linaloipeleka mashine mahali sahihi.

Inabaki hoja ya fedha. Barabara zetu zina Mfuko wa Barabara, unaochangiwa na kila anayenunua mafuta, na kila mtu anaelewa kwamba lami ikijengwa lazima itunzwe. Kwa upande wa reli, tangu 2015 Tanzania imekuwa ikitoza tozo ya maendeleo ya reli kwenye bidhaa nyingi zinazotoka nje, na wananchi wameilipa kupitia bei dukani. Ni uamuzi mzuri. Lakini ujenzi ukipata fedha zake za uhakika na matunzo yakaachiwa bahati, tutarudi palepale pa kufufua. Fedha za matunzo zinapaswa kujulikana kabla ya mwaka kuanza, kwa sababu reli haiagizwi leo ikafika kesho. Inayeyushwa kiwandani, inapakiwa melini, inashushwa bandarini, inapelekwa ghalani. Fedha zikitoka kwa kushtukiza mwezi wa tisa wa mwaka wa fedha, chuma kitafika mvua zimeanza, na zile saa za kazi zitakuwa zimekwisha kupita.

Msikilizaji, tukusanye tuliyoyasema. Njia ya reli huharibika kidogokidogo, kuanzia taruma moja. Kuitengeneza kunahitaji saa ndefu, za mfululizo, zilizochaguliwa kwa kuangalia jua na mvua. Saa hizo hazina faida kama vifaa havikufika kwa mfuatano unaotakiwa. Na fedha zake lazima zijulikane mapema. Kwa wakuu wa mashirika yetu ya reli, ombi ni hili: andikeni saa za matengenezo kwenye ratiba kwanza, kabla ya kuhesabu treni, na mziheshimu hata siku mzigo ukiwa mwingi. Kwa wabunge: kila mnapoulizwa kuhusu kilomita zilizojengwa, ulizeni pia kilomita zilizotunzwa. Kwa wenye biashara ya vyuma chakavu: klipu ya reli siyo chakavu, na anayeinunua anashiriki ajali ambayo bado haijatokea. Kwa wakulima na wafugaji wanaoishi kandokando ya njia: msizibe mitaro wala makalavati, maana maji yakikosa njia yatachukua tuta. Na kwetu abiria: siku tukiambiwa treni itachelewa kwa sababu mafundi wako njiani, tuwape nafasi wafanye kazi yao.